Nilikaa Kwenye Mkeka wa Kasubi, na Sitatubu

Jumapili jioni, mwezi wa nane. Yamumbi, Eldoret.

Mvua imepiga tangu tutoke kanisani, na baridi ni ile ya kumfanya mtu avae sweta mbili na bado anung'unike. Jiko la makaa limeshika, chai iko kwenye chupa, ng'ombe wameshakamwa. Kwa kawaida Jumapili saa hizi huwa nimechoka vizuri, uchovu mtamu wa mtu aliyeimba. Leo sijaimba hata ubeti mmoja.

Nina hasira. Wacha niandike kabla haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kujionea huruma, na hiyo sitaki.

Leo nimetolewa kwaya.

Kama umefika hapa leo kwa mara ya kwanza, mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na kwa miaka mingi nimefundisha kwaya ya akina mama kanisani kwetu. Kwaya yetu haina kinanda. Kinanda ni mimi. Natoa sauti ya kuanzia, wanaishika, tunaondoka. Jumatano ni mazoezi, Jumamosi pia kama kuna harusi au mazishi, na Jumapili ndiyo yenyewe. Ondoa siku hizo kwenye wiki yangu uone kinachobaki. Ng'ombe na redio.

Na yote haya ni kwa sababu nilienda Kampala kutembea.

Sikuenda kuzika. Sikuenda harusi, wala harambee, wala kumpeleka mgonjwa hospitali. Nilienda kuona. Huku kwetu mtu mzima akisema anasafiri, watu huuliza swali moja tu: kuna nini? Ukijibu kwamba hakuna kitu, unaenda tu kuangalia, wanakutazama kwa huruma na kuuliza kama watoto wako wanajua.

Lakini mimi nilikuwa na deni na macho yangu mwenyewe. Nimefundisha somo la jamii maisha yangu yote ya kazi, na kila mwaka tulifika kwa ufalme wa Buganda. Nilichora ubaoni ile nyumba ya nyasi wanakolala wafalme wao, na kila mwaka ilitoka kama kichuguu chenye mlango. Watoto walinakili kichuguu changu kwa bidii, wakakipaka rangi ya kahawia, nikawapa alama. Sikuwa nimewahi kuiona. Na Kampala si mbinguni. Ukitoka Eldoret asubuhi, jioni unaoga huko. Sikuwahi kwenda kwa sababu hakuna mtu wetu aliyewahi kufia huko.

Mwaka huu binti yangu, Cheruto, alipata kazi Kampala. Alinipigia simu akaniambia, "Mum, kuja tu. Nitakuzungusha hii mji mpaka uombe kupumzika." Nikawaachia majirani ng'ombe, nikafunga mkoba. Nilijihisi kama mtu anayetoroka shule.

Siku ya kwanza alinipeleka Mengo, kwenye ile barabara iliyonyooka kutoka jumba la mfalme hadi kwenye bunge la ufalme wao. Kandokando ya barabara kuna alama za koo zao, kila ukoo na mnyama wake au mmea wake. Mimi mwenyewe ni wa ukoo wenye mnyama, kwa hivyo nilitembea pale nikiangalia kama ninayemtafuta ndugu. Katikati ya barabara kuna mzunguko, na katikati ya mzunguko kuna lango. Magari yote yanazunguka. Mfalme peke yake ndiye anayenyoosha na kupita hapo katikati. Nilisimama kando nikacheka mpaka Cheruto akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa sana. Nilikuwa nafikiria miaka ambayo nimezunguka mimi, nikipisha kila mtu.

Siku iliyofuata tulipanda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala. Walinifunga kitambaa kichwani na kingine kiunoni, wakiwa na adabu kabisa, kisha nikapanda zile ngazi nikihema na kujilaumu. Huko juu upepo ulinipiga usoni nikaona vilima vyote vya mji, kila kilima na kanisa lake au jumba lake au mnara wake. Nilikaa hapo kwa muda mrefu. Magoti yalitetemeka lakini sikutaka kushuka.

Halafu tukaenda Kasubi, na hapo ndipo kesi yangu inapoanza.

Kasubi ndiko kuliko makaburi ya wafalme wa Buganda. Mwanamke haingii hapo hivihivi. Lazima ufunge kitambaa kifike chini, na viatu uviache nje. Mgeni asiye na kitambaa huazimwa. Lakini mimi ni mama wa kanisa, na mkoba wa mama wa kanisa haukosi leso. Nilikuwa nimeibeba ya kujifunika kwenye basi. Nikaitoa, nikaifunga kiunoni, nikaingia. Sikufikiria kitu.

Ilikuwa leso ya kwaya. Ya buluu, yenye pindo jeupe, na maandishi makubwa mbele: AKINA MAMA YAMUMBI, TUMESIMAMA NA BWANA.

Tuna sheria kuhusu leso hiyo. Huvaliwa kanisani, kwa harusi ya mwanachama na kwa mazishi. Haivaliwi sokoni. Haivaliwi shambani. Kuna mama alipigwa faini ya sukari kwa kubebea mjukuu nayo. Sheria hizo nilisaidia kuzitunga, na bado siku ile nilijifunga leso ya kwaya kama kanga ya jikoni, kwa sababu moyo wangu ulikuwa umeshatangulia mlangoni.

Sasa niseme nilichokiona, maana huko kanisani leo hakuna aliyeniuliza.

Unaingia kupitia nyumba ya lango iliyojengwa kwa matete, kisha uwanja unafunguka, na mbele yako iko hiyo nyumba. Paa lake ni nyasi kutoka juu kabisa hadi karibu na ardhi, nyasi nene, iliyokatwa ukingoni kwa ustadi wa kinyozi. Ni kubwa kiasi kwamba watu waliosimama kando yake walionekana watoto. Ile ya zamani iliungua moto, wakaijenga tena, wakifunga matete kwa namna ya wazee wao. Kuezeka ni kazi ya ukoo mmoja na koo nyingine hazigusi. Siku hiyo tulikaribishwa hadi mlangoni. Ndani niliona nguzo ndefu, mikeka, na huko mwisho pazia la gome la mti, lenye rangi ya udongo wa shamba langu likiwa limelimwa. Nyuma ya pazia hakuna mgeni anayefika. Mama aliyetupokea, mmoja wa wanaoitunza nyumba hiyo, alituambia kwamba kwao mfalme hasemwi amekufa. Husemwa amepotea msituni.

Wanawake hukaa chini kwenye mkeka, miguu imekunjwa upande mmoja. Nikakaa vilevile. Nikaangalia juu, nikakumbuka ubao wangu, na chaki, na vile vichuguu vyote, na wale watoto wote niliowadanganya bila kujua. Nikalia. Nililia mbele ya binti yangu na mbele ya yule mama nisiyemjua, ambaye alinisogezea tu mkeka vizuri. Pia nilimkumbuka mume wangu. Nikatamani nasi tungekuwa na namna ya kusema amepotea tu, badala ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya hospitali.

Hiyo ilikuwa asubuhi moja kati ya zile chache ambazo ni zangu mwenyewe.

Ndani hatukupiga picha. Baadaye tulikaa nje kwenye mkeka na yule mama, Cheruto akatupiga. Kwenye picha nimekaa, sina viatu, macho mekundu, natabasamu, na nyuma yangu kuna ile nyumba. Mapajani maandishi yanasomeka vizuri kabisa, kwamba tumesimama na Bwana, nami nimeketi.

Picha hiyo niliituma mwenyewe kwa grupu ya akina mama. Hakuna aliyeiiba wala aliyenichongea. Nilituma kwa furaha, nikiandika, "Nawasalimu kutoka kwa makaburi ya wafalme." Nilingoja wafurahi.

Walisoma wote. Kisha akajibu Mama Abigael, katibu wa kikundi chetu: "Mwalimu, hiyo si leso yetu?"

Nikajibu, "Ni yenyewe! Imefika Kampala!"

Sasa hivi nikisoma jibu hilo nataka kujipiga kofi, na pia nataka kucheka. Kufikia jioni picha ilikuwa imetoka kwetu ikaingia kwa magrupu ya makanisa jirani, na huko ikapata maelezo mapya. Kwamba akina mama wa Yamumbi wanaomba kwa wafu. Kwamba mwalimu wao wa kwaya amevua viatu na kupiga magoti mbele ya mizimu. Sikupiga magoti. Magoti yangu baada ya ule mnara wa msikiti hayangeweza hata kama ningetaka.

Nilirudi Eldoret. Hakuna aliyekuja kunisalimia, hata kuuliza safari ilikuwaje. Jumatano, kwenye mazoezi, waliimba huku wakiangalia viatu vyangu. Ijumaa Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, alipita nyumbani akanywa chai, akasifu ng'ombe, akasifu chai tena, mwishowe akasema Jumapili nitaitwa mbele nitubu. Maneno machache tu. Nikishasema nimekosea wataomba, nitabaki na kwaya yangu. Nisiposema, nitoke.

Aliniambia kwa upole. Ni mtu mpole. Hilo liliniudhi zaidi.

Jana nilienda mjini kwa Mama Nasra kununua sukari. Ndiye aliyetuuzia kitambaa cha zile leso, jora zima, na tangu siku hiyo anajiona mwanachama. Alikuwa ameshaiona picha. Eldoret haina siri. Nikamweleza kila kitu, pamoja na ule mnara.

Alipiga meza kwa kicheko. "Sasa ngoja, Mwalimu. Ukikaa kwa wafalme, wewe ni wa mizimu. Na ulipanda mnara yetu, ukafunga kichwa. Sasa wewe ni Mwislamu? Kuja basi tukutafutie mzee wa kukuoa!"

Nilicheka hadi nikashika kaunta. Kisha akanifungia sukari, akasema bila kucheka, "Lakini usiwadharau. Hata kwetu mama akienda mahali wanauliza alienda na nani."

Usiku Cheruto alipiga simu. Anaumia kwa sababu picha aliipiga yeye. "Mum, si useme tu pole iishe? Ni maneno tu. Huko kwa kwaya ndio watu wako wako."

Ni kweli. Ndio watu wangu. Walinizikia mume. Walilala hapa sebuleni, wakapika, wakakama ng'ombe wangu mimi nikiwa siwezi kusimama. Nililala nikiwa nimeamua kusema pole. Naandika hivyo kwa sababu huu ni ukweli na sitaki mtu afikirie niliamka shujaa.

Nilipoamka leo nilivaa gauni langu la kijivu, nikafunga leso juu yake, nikaenda. Baada ya sadaka, Mzee Barnaba aliniita. Nikasimama mbele, upande ule ambao huwa nasimama nikilipa kanisa mgongo na kwaya uso wangu. Leo nilikuwa nimegeuka.

"Mwalimu," akasema, "hakuna mtu anakuchukia hapa. Wewe sema tu ulikosea, tuombe, tuendelee na programu. Mvua iko karibu."

Nilifungua mdomo niseme. Naapa nilikuwa nimeukunjua ulimi tayari. Lakini lile neno lilipofika, nilimwona yule mama wa Kasubi akinisogezea mkeka. Nikaona nikisema nimekosea, nitakuwa nimemsukuma mbali yeye na mkeka wake, na ile asubuhi yangu yote. Nitakuwa nimerudi kwa kichuguu cha ubaoni kwa hiari yangu.

Nikasema, "Mzee, siwezi."

 

Nikaendelea, kwa sababu nikishaanza kufundisha huwa siachi katikati. Nikasema sikumwabudu mtu. Nilivua viatu kwa sababu nilikuwa kwa watu. "Hata kwangu ukija na gumboots za matope nakuambia uvue. Na Mzee, wewe umevua Ijumaa. Uliniabudu?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka hawatakiwi kucheka. Mzee Barnaba mwenyewe aliangalia viatu vyake.

Hapo ndipo nilipaswa kukaa. Sikukaa. Nikasema kwamba kwenye shamba la baba yangu kulikuwa na shimo la Wasirikwa, wale watu walioishi kwenye nyanda hizi na ng'ombe wao kabla yetu. Lilikuwa pana, la mviringo, lenye mawe yaliyopangwa kwa mkono, na sisi watoto tulicheza humo tukijificha upepo. Baba alilifukia akapanda mahindi. Majirani walifukia yao. Mengine yamejazwa takataka hapa hapa tunapoishi. Nikawauliza ni nani amewahi kuitwa mbele ya kanisa hili atubu kwa ajili ya hilo. Watu wa Kampala nyumba yao iliungua na wakairudisha, sisi yetu tumeipanda mahindi, halafu aliyeenda kuangalia ndiye mwenye dhambi.

 

Mama Abigael akasimama. Sitamsengenya hapa. Ni mwanamke wa bidii, anawaombea watoto wa watu kwa majina. Alikuwa na machozi pia. "Si mambo ya mashimo, Mwalimu. Ni leso. Watu wameona jina yetu sisi sote kwa ile makaburi. Mama mkwe wangu ameniuliza kama sisi bado ni Wakristo. Nimjibu nini? Hukutuuliza kama tunataka kwenda na wewe."

Hapo alinipata. Alinipata vizuri kabisa. Ile leso si yangu peke yangu, na kila mama pale mbele alikuwa kwenye ile picha bila kuulizwa.

Kwa hivyo nikamgeukia yeye, si mzee, nikamwambia, "Kwa leso, Mama Abigael, pole. Nilikosa. Sheria naijua, nilisaidia kuitunga. Hilo natubu, na hata faini ya sukari nitalipa. Lakini kwa kwenda kuona, hapana."

Mzee Barnaba alipumua kama mtu aliyeona basi likikaribia. "Sasa si uunganishe tu, Mwalimu. Sema yote mawili yaishe."

"Moja, Mzee."

"Mwalimu."

"Moja."

Mzee na Mama Abigael walinong'onezana. Sikuhitaji kusikia. Mwishowe Mama Abigael alisema, akiangalia chini, kwamba basi leso irudi.

Nikaifungua kiunoni hapo hapo mbele. Sikuitupa. Nilikuwa nimeona mtu akitupa leso ya kikundi miaka iliyopita na niliapa sitafanya upuuzi kama huo. Niliikunja pembe kwa pembe, maandishi ndani, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa baridi. Kisha nikaenda kukaa nyuma, karibu na mlango, kwenye benchi la wageni, nikiwa na gauni langu la kijivu.

Hapo ndipo iliponiuma.

Kwaya ilisimama kuimba. Wakatazamana. Kila mtu akingoja mwingine atoe sauti. Mwishowe mmoja akaanza, juu mno. Mimi nilijua kwa neno la kwanza kwamba hawatafika. Ubeti wa kwanza walibebana. Kwa ubeti wa pili sauti ya kwanza ikapasuka, sauti ya pili ikashuka kuwasaidia wakapotea wote, na wakamaliza wimbo wakinong'ona. Nilishika benchi kwa mikono yote miwili. Koo langu lilikuwa linaniambia simama, toa sauti, waokoe. Sikusimama. Walinitoa wenyewe. Lakini nisiseme uongo hapa: sikufurahi hata kidogo walipoharibu. Ule wimbo niliwafundisha mimi, na niliumia kama mtu anayeona mwanawe akianguka mbele za watu.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Watu walinipita kwa salamu zile za haraka, za mkono bila macho. Nilipofika langoni, mama mmoja wa sauti ya pili alinifuata na mwavuli. Nilidhani ananisindikiza. Alitazama nyuma, akatazama kando, akanishika kiwiko.

"Mwalimu, huko Uganda unaingia na pasipoti ama kitambulisho tu?"

"Kitambulisho tu."

Akafikiria kidogo. "Na ile nyumba, kweli ni nyasi yote? Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

"Ai!" akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kisha akaniacha kwenye mvua, akakimbia na mwavuli wake kabla hajaonekana.

Basi hiyo ndiyo Jumapili yangu.

Nimekaa hapa nikijiuliza kama nimekuwa mjinga. Mwanamke wa umri wangu, anayeishi peke yake, anatupa watu wake wote kwa sababu ya neno moja. Huenda. Kesho nitaamka na nyumba itakuwa kimya, na kesho kutwa pia, na hakuna atakayekuja kuniuliza tutaimba wimbo gani. Nitamdanganya mtu nikisema sijaogopa. Nimeogopa sana.

Lakini kila nikijaribu kulisema lile neno, hata hapa peke yangu jikoni, halitoki. Nimejaribu. Nimesema kwa sauti, "Nimekosea kwenda," na ng'ombe mmoja akalia huko nje, nikacheka. Sikukosea kwenda. Ningekosea kufa bila kwenda. Na mwaka ujao, Mungu akinipa nguvu, nitaenda kuona mahali pengine, na nitakaa chini kama wenyeji wanavyokaa, na nitavua viatu kila mahali watakaponiambia nivue. Nikiwa na kitambaa changu mwenyewe.

Kuhusu Jumatano, nimeshaamua.

Boma langu na kanisa tunatenganishwa na ua wa miti tu. Saa kumi watakuja mazoezi, na watasimama pale kwenye veranda ya kanisa wakitazamana tena, wakitafuta pa kuanzia. Saa kumi ndiyo saa yangu ya kukama. Zizi liko upande huu wa ua, na mimi nikikama huwa naimba, ng'ombe wangu hawatoi maziwa vizuri bila hivyo. Hakuna sheria ya kikundi inayomkataza mtu kumwimbia ng'ombe wake.

Nitatoa sauti ya kuanzia, si juu mno kama leo, pale panapofaa. Nitaimba wimbo wa leo wote, polepole, kwa nguvu.

Wakitaka kuishika, waishike.